Walimu wapya wa Kiingereza, "isn't it" sio dawa ya kila sentensi

Wiki hii nimekaa nyuma ya darasa nawaangalia wanachuo wa BTP (mazoezi ya kufundisha shuleni) wakifundisha tagi za maswali, vile viswali vifupi vya mwisho wa sentensi, kidato cha pili, na wote wawili wamewaambia watoto kitu kilekile, eti ukikwama we weka tu "isn't it". Jamani wadogo zangu, hapana! Najua inakotoka, sisi "si ndio?" moja inamaliza sentensi zote, awe mtu mmoja wawe kumi, iwe jana iwe kesho. Kiingereza kinataka tagi ifuate kitenzi kisaidizi na mtenda wa sentensi hiyohiyo.

1. Sentensi ikikubali tagi inakanusha, ikikanusha tagi inakubali. Hiyo mnaijua, ila "never", "hardly" na "seldom" nazo ni ukanushi: "She never eats fish, does she?"

2. Hapa naomba mtulie. Ile 's. Mwaka wangu wa kwanza kazini nilitoa zoezi, sentensi moja ikiwa "She's finished her work", na kwenye andalio nimeandika jibu "isn't she", maana kichwani mwangu 's ilikuwa "is" basi. Binti mmoja wa dawati la mbele, mkimya sana, akaandika "hasn't she". Nikamkosesha kwa peni nyekundu, nikamsimamisha nikamwambia mbele ya wenzake asome swali vizuri. Akauliza taratibu, mwalimu, si kuna "her work" hapo? Nikamwambia kaa chini. Akachukua rula, akakata jibu lake kwa mstari mmoja ulionyooka, akaandika la kwangu pembeni kwa mwandiko mzuri kabisa. Jioni nasahihisha madaftari nikafika kwenye lake, nikauona ule mstari, ndo nikaisoma sentensi yangu kwa sauti: she HAS finished her work. Usiku ule sikulala vizuri. Kesho yake nikamwomba radhi darasa zima likisikia, maksi nikamrudishia, lakini mkono hakunyoosha tena kwenye kipindi changu mpaka mwaka unaisha.

Kwa hiyo kabla ya kuuliza tagi, andikeni kwanza 's kwa urefu wake ubaoni.

3. "I am" inachukua "aren't I", "let's" inachukua "shall we", "nobody" inachukua "they": "Nobody came, did they?" Hizi ni kukariri tu.

4. "He put the book on the table". Watoto wataandika "doesn't he", waulizeni "s" ya "puts" iko wapi? Haipo, basi ni wakati uliopita, "didn't he". Leo mwanachuo mmoja kaandika "doesn't he" ubaoni, darasa zima likanakili. Kipindi kilipoisha nikamwita, tukakaa nayo mpaka akaiona mwenyewe. Kesho ana kipindi cha kwanza, nimemwambia aanze na sentensi hiyo kabla hata ya kuita majina.