Rivolva Ndogo ya Kubeba Kila Siku: Ifyatue Kwanza, Uipende Baadaye

Kwa miaka kadhaa sasa nimekuwa nikibeba bastola kwa kibali, kwa sababu biashara yangu ya vipuri vya magari katika Eneo la Viwanda hunilazimu mara nyingi kutembea na fedha taslimu hadi benki. Wenzangu wanaojua jambo hilo hunishangaa kwamba nina rivolva, yaani bastola yenye silinda inayozunguka, ya risasi tano, ilhali karibu kila mwenye kibali ninayemfahamu Nairobi ana bastola ya Ceska au Glock ya milimita 9 inayobeba risasi mara tatu ya hizo. Sitawashawishi wote waniige. Nitaeleza tu nilivyokosea mara ya kwanza, kwa kuwa kosa langu ndilo ninaloona wengi wakilirudia.

Ninaowaandikia ni watu wenye cheti cha silaha, au walio katika safari ya kukipata kwa njia iliyo wazi. Sheria ya Silaha ya Kenya, Sura ya 114, inamtaka mwombaji awe na sababu ya kutosha, asiwe mlevi, na awe na akili timamu; cheti chenyewe kinataja silaha uliyoruhusiwa na idadi ya risasi, nacho hufanywa upya kila mwaka. Maana yake ni kwamba huwezi kubadilisha bastola kama unavyobadilisha viatu. Ukichagua vibaya, utakaa na kosa lako miezi mingi, ukirudi kwenye makaratasi na kusubiri.

Mimi nilichagua kwa uzani. Muuzaji alinipa rivolva ya aloi, yaani metali nyepesi ya kuchanganywa, jamii moja na Smith & Wesson 642 au Ruger LCR, ambazo zikiwa tupu hazizidi sana gramu 400, nikaitia mfukoni nikasahau kama ipo. Nikaona nimepata. Wiki mbili baadaye, kwenye uwanja wa shabaha, nilifyatua risasi kumi za kwanza nikiwa na furaha, na kumi za pili nikiwa nimekunja uso. Kufikia ya thelathini, ngozi iliyo kati ya kidole gumba na cha shahada ilikuwa imechubuka, na nilikuwa nafumba macho kabla ya mlio. Risasi ile ile ya .38 Special inaisukuma nyuma silaha nyepesi kwa kasi zaidi kuliko nzito, na kinachoipokea kasi hiyo ni kiganja chako. Mkufunzi wangu, askari mstaafu ambaye sote tunamwita Afande, aliitazama karatasi ya shabaha, akanitazama mimi, kisha akasema, "Mzee, hii umeinunulia mfuko. Mkono haukuulizwa."

Matokeo yake hayakuwa mkono kuuma tu. Nilianza kutafuta visingizio vya kutokwenda mazoezini, na mtu anayebeba bastola asiyoipenda kuifyatua ni hatari kwake na kwa wapita njia. Ninayobeba leo ni ya chuma kitupu, ina takriban gramu 600, na mtutu wake ni wa inchi mbili kasoro kidogo. Gramu hizo mia mbili za ziada huzisikia kwenye mshipi hadi saa nne asubuhi, kisha hunitoka akilini. Ruger SP101 inapita kidogo gramu 700 na ni tulivu zaidi mkononi, lakini hapo ndipo mimi huona tumevuka mpaka wa kitu cha kuvaliwa kutwa nzima.

Utasikia pia ushauri kwamba ununue inayomeza risasi za .357 Magnum kwa kuwa ina nguvu zaidi. Ni kweli kwamba silaha ya .357 hufyatua pia .38 Special, na kwamba kinyume chake hakikubaliki kamwe. Lakini katika mtutu mfupi kama huo sehemu ya baruti huungulia nje, ukabaki na mwako unaopofusha usiku na mlio wa kuziba masikio. Ukiipata ya namna hiyo kwa bei nzuri, ichukue kwa sababu ya chuma chake kizito, kisha uilishe .38. Jambo la kuuliza mapema ni upatikanaji wa risasi: za milimita 9 ndizo polisi wetu hutumia na maduka huziweka, ilhali za .38 nimewahi kuzisubiri kwa wiki kadhaa.

Kifyatulio ndicho kitakachokusumbua kuliko yote. Katika rivolva ndogo kidole chako huinua nyundo, ile inayoigonga risasi ilipuke, na kuizungusha silinda kwa wakati mmoja, kwa hiyo unavuta uzito wa kilo tano hivi katika kitu chenyewe kisichofika nusu ya theluthi ya uzito huo. Silaha hupinda upande kabla risasi haijatoka. Dawa yake ni mazoezi makavu nyumbani. Mimi huzifungia risasi zote katika sefu ya chumba kingine, naikagua silinda mara mbili kwa macho na kidole, naelekea ukuta wa mawe usio na mtu nyuma yake, kisha naiweka sarafu juu ya mtutu, karibu na ncha ya kulengea. Navuta polepole. Sarafu ikianguka, sijahitimu. Miezi miwili ya kwanza niliokota sarafu nyingi sana sakafuni.

Chagua ambayo nyundo yake imefichwa ndani. Nyundo ya nje hunasa kwenye bitana ya koti, na sioni faida yake katika silaha ya ukubwa huo.

Kuhusu mahali pa kuibebea, nina kisa ambacho sijivunii. Zamani niliiweka mfuko wa koti bila ala, nikidai kwamba kifyatulio kizito kinatosha kuwa kinga. Jioni moja ya Julai, ile baridi yetu ya kutia mikono mifukoni, nilirudi nyumbani nikaitoa, nikakuta karatasi ya peremende ya mwanangu imejikunja ndani ya kikingio cha kifyatulio, pamoja na ncha ya ufunguo wa stoo. Nilikaa kitandani kwa muda kabla ya kuvua viatu. Tangu siku hiyo silaha hukaa katika ala ngumu ya ngozi inayofunika kifyatulio chote, na kama ni mfukoni, mfuko huo hauingii kitu kingine hata tiketi ya maegesho. Akina dada wanaoniuliza kuhusu mkoba huwajibu vivyo hivyo: mjini mkoba ndio huporwa kwanza, na hapo utakuwa umemkabidhi mwizi silaha. Madereva nao wajaribu kiunoni wakiwa wamefunga mkanda wa gari kabla ya kununua ala, maana saa moja na nusu ya msongamano Barabara ya Mombasa itawaonyesha mahali pasipofaa.

Tangu shambulio la kigaidi kwenye jengo la maduka la Westgate, Septemba 2013, malango ya majengo mengi makubwa yana kifaa cha kukagua chuma. Usisubiri kilie. Mkaribie mlinzi, mwambie kwa sauti ya chini kwamba una silaha halali, uonyeshe kadi, na usiinue shati. Akikukatalia, rudi ulikotoka bila ubishi.

Usiamini pia kwamba rivolva haikwami. Yangu ilinikwama mazoezini kwa sababu nilisukuma maganda nje mtutu ukiwa umelala, ganda moja likateleza chini ya nyota, yaani kile kipande cha kuyasukumia nje, na ilinichukua dakika nzima na kijiti kulitoa. Elekeza mtutu juu, sukuma kwa nguvu mara moja. Katika zile nyepesi mno, mtikisiko huweza hata kukichomoza kichwa cha risasi kisichobanwa vizuri kwenye ganda lake, kikazuia silinda kuzunguka.

Mwezi uliopita nilimpeleka rafiki yangu uwanjani ajaribu kabla ya kuwasilisha maombi yake. Mikono yake ni mipana, kidole kikapita kifyatulio hadi kwenye kiungo cha pili, na kidole cha mwisho kikakosa mpini kabisa. Alifyatua zote tano, akaifungua silinda, akaiweka mezani, kisha akamwomba Afande ile Ceska. Risasi zake kumi za kwanza ziliingia mahali ambapo ungeweza kupafunika kwa kisahani cha chai. Nami nikamwambia aandike hiyo.