Rosari ya vipande ndani ya tuktuk

SWALI: Tumsifu Yesu Kristo, Katekista. Mimi ni dereva wa tuktuk hapa Malindi. Nimejiwekea kusali rosari kila siku, lakini fungu la kwanza nalianza stejini, abiria anakuja naliacha. La pili nalisalia nje ya hospitali nikimngoja mtu. Kufika jioni sijui nilikomea wapi, na nikijaribu kumalizia kitandani nasinzia. Je, rosari hiyo inahesabika?

JIBU: Milele amina, ndugu yangu. Inahesabika. Kanisa halimlazimishi mtu kusali mafungu yote matano kwa mkupuo mmoja. Mfululizo unatakiwa kwenye jambo moja tu, nalo ni rehema kamili, yaani kufutiwa adhabu yote ya muda ya dhambi zilizokwisha kusamehewa: anayeitaka kwa rosari ayasali mafungu matano bila kukatiza, kanisani au pamoja na familia au jumuiya, tena awe ameungama, amekomunika, amesali kwa nia za Baba Mtakatifu, na moyo wake usishikamane na dhambi yoyote, hata iliyo ndogo. Ya stejini haifiki huko, lakini ni sala kamili.

Kuhusu kusahau ulipokomea, nadhani unajipa kazi ya bure. Usianze upya. Kama huna hakika ni fungu la tatu au la nne, sema la nne uendelee; Mama Maria si karani. Matendo nayo, yaani yale matukio ya Yesu na Maria tunayoyatafakari katika kila fungu, yafuate siku: Jumatatu na Jumamosi ya Furaha, Jumanne na Ijumaa ya Uchungu, Jumatano na Jumapili ya Utukufu, Alhamisi ya Mwanga, yale aliyoyaongeza Papa Yohane Paulo wa Pili mwaka 2002. Na tafadhali, rosari ining'inie mbele yako, isiwe mkononi. Usukani wa tuktuk unataka mikono miwili, na Salamu Maria kumi zinahesabika kwa vidole gari likiwa limesimama.

Kinachonisumbua mimi ni kwamba siku yako yote inasali kwa masalio. Abiria akikosekana, Mungu anapata nafasi. Abiria wakijaa, hapati. Hapo ndipo uchovu unapoingia, wala si kwa sababu ya vipande. Tafuta dakika chache ambazo hazimngoji mteja. Kabla hujawasha injini, fanya ishara ya msalaba na uitoe siku kwa sala ya Nia Njema. Saa sita mchana zima injini usali Malaika wa Bwana. Haichukui hata dakika mbili (wakati wa Pasaka tunasali Malkia wa Mbingu badala yake). Wenzako Waislamu pale stejini wataondoka kwenda adhuhuri baada ya muda si mrefu, na hakuna abiria anayewanunia. Wewe unaona haya ya nini?

Ukipeleka watalii kwenye mnara wa Vasco da Gama, unapita karibu na kile kikanisa cha Wareno. Mtakatifu Fransisko Ksaveri, yule mmisionari, alitia nanga Malindi mwaka 1542 akielekea India. Aliandika kwamba Mwislamu mmoja mwenye heshima mjini alimuuliza kama Wakristo kwao bado wanajaa makanisani, maana hapa, alisema, misikiti ni 17 na inayosaliwa ni 3 tu. Basi ugonjwa wako si wa juzi, na wala si wa dini moja. Ukipita pale, sema Baba Yetu moja.

Usiku usibaki na mafungu matatu ya deni. Sali fungu moja kabla ya chakula, watoto wakiwa macho, mkeo aongoze ikiwa umechoka. Kitandani acha rosari. Jiulize tu leo nimemkosea nani, labda yule mama uliyemtoza zaidi kwa sababu ya mvua, kisha sali Sala ya Kutubu. Ukisinzia katikati yake, lala. Yule mama umtafute kesho umrudishie chenji yake.