Instagram Isikukatie Muziki Katikati ya Sherehe

Dada mmoja wa Kasulu ameniandikia wiki hii. Anapiga muziki kwenye kichen pati na sendofu kwa simu na spika, mashine kubwa bado anazitafutia hela. Shida yake kaieleza kwa mstari mmoja: "Kaka, kila nikifungua Instagram wimbo unakata, kamati wananitolea macho." Nimesoma nikaumia upya, maana macho hayo nayajua.

Wengi mnaonisoma tuko njia moja. Tumeanza na simu, tunaota mixer yetu, spika za kusimama, kirikuu cha kubebea vyombo. Kabla hatujafika huko, simu tuliyonayo lazima itutii.

Mimi yalinikuta Ujiji, kwenye sendofu. Nyimbo zilikuwa zimepangika vizuri, bolingo kwa wazee, singeli kwa vijana, taarabu ya akina mama. Mama mmoja wa kamati akanijia mezani. "Mwanangu, hebu fungua Instagram, bibi harusi kaweka wimbo anaotaka kuingilia." Nikafungua nilivyoagizwa. Video ikawa kimya, wimbo wangu ukaendelea. Muda huohuo mashangazi wakaanza kuingia na vikapu, vigelegele vimepamba moto hata spika hazisikiki. Nikabonyeza kitufe cha pembeni kuongeza sauti. Muziki ukakata palepale, ikatoka sauti ya mtu anatangaza vitenge vya jumla, kwenye spika zote mbili. Mashangazi wakasimama katikati ya ukumbi.

Nilirudisha wimbo haraka. Lakini mwenyekiti alishachukua kipaza, akasema mbele ya watu wote kwamba kijana wa muziki hana uzoefu. Nusu ya malipo yangu haijafika mpaka leo, na harusi yenyewe akapewa mtu mwingine. Sisemi ni ukoo gani. Nasema tu kwamba mtu aliyepiga muziki vizuri tangu jua halijazama hakustahili kuaibishwa kwa sababu ya kitu ambacho hata waliomwagiza hawakukijua.

Nilichojifunza baada ya kulifuatilia jambo hili ni kwamba simu za Android zina utaratibu wa kibali cha sauti. Programu inayotaka kusikika huuomba mfumo kibali hicho, na aliyekuwa nacho anatakiwa kukiachia. Ni sawa na ukumbi wenye kipaza kimoja, MC akikichukua mwimbaji ananyamaza. Programu ikiomba kibali cha muda mfupi tu, muziki hurudi wenyewe ikimaliza. Ikiomba kibali cha kudumu, muziki unabaki umesimama mpaka uuwashe kwa mkono. Ipo na namna ya tatu, ambapo wimbo haukatiki bali unashushwa sauti kidogo, kwa mfano mlio wa ujumbe ukiingia. Tangu Android 8 ya mwaka 2017, mfumo wenyewe unaweza kuushusha wimbo hivyo.

Kumbe ile siku ya Ujiji ni kile kitufe cha pembeni. Instagram ikiwa wazi na video iko kimya, ukigusa kitufe cha sauti unaifungua sauti ya video, na hapohapo inachukua kibali. TikTok haingoji kitufe, ukiifungua tu inaanza kwa sauti. Status ya WhatsApp yenye video nayo inakata, ujumbe wa sauti nao unakata.

Watu watakwambia weka simu kwenye hali ya usinisumbue. Inasaidia kwa milio ya simu na ujumbe tu. Video uliyoifungua mwenyewe haizuiwi na hali hiyo, kwa hiyo usiende sherehe ukaitegemea.

Mwenye Samsung ana nafuu kubwa. Kwenye mipangilio ya sauti na mtetemo kuna kipengele cha kutenganisha sauti ya programu. Unachagua programu yako ya muziki, unachagua spika ya bluetooth, basi wimbo unakwenda kwenye spika na sauti za programu nyingine zinabaki kwenye simu. Ipo pia programu yao ya Sound Assistant, inayoruhusu programu mbili zitoe sauti pamoja. Anayetumia Poweramp, programu ya kupigia muziki kwenye Android yoyote, aingie kwenye mipangilio yake ya sauti, kuna sehemu ya kuiambia isisimame programu nyingine inapotaka kibali. Hiyo ni ya kulipia baada ya majaribio, lakini ndugu zangu, tunanunua vocha kila siku.

Kwa simu nyingine, tafuta mwenye kompyuta anayeijua adb, programu ya kuipa simu ya Android amri kutoka kwenye kompyuta. Kwenye simu unawasha hali ya wasanidi na USB debugging, unaichomeka kwenye kompyuta, kisha anaandika hivi:

adb shell cmd appops set com.instagram.android TAKE_AUDIO_FOCUS ignore

Amri hiyo inainyima Instagram kibali. Ukitaka kuirudisha, neno la mwisho liwe allow. Ijaribu nyumbani kwanza, siyo ukumbini. Narudia, nyumbani.

Facebook ni rahisi. Kwenye mipangilio yake ya media zima video kuanza na sauti, na uchague zisijicheze zenyewe.

Jumamosi iliyopita nilikuwa Gungu, harusi ya watu wengi, na muziki haukukatika hata mara moja mpaka maharusi wanaondoka. Baba mzazi alinifuata mwenyewe akanishika mkono, akachukua namba yangu. Nimeitafuta heshima hiyo kwa jasho, na nataka kila kijana wa Kigoma anayebeba spika kwenye bodaboda aipate. Lakini haiji kwa kuperuzi huku watu wanacheza. Simu ikishachomekwa kwenye mixer ni chombo cha kazi, tuiheshimu. Wimbo wa watu usiuchanganye na umbea wa mtandaoni. Jaribu kila kitu kabla wageni hawajaingia, halafu ujaribu tena.

Sasa dada yangu wa Kasulu, umesema simu yako ni Tecno na kazi ni Jumamosi hii. Muda wa kutafuta kompyuta huna. Pakua nyimbo zote ziwe kwenye simu, uiweke kwenye hali ya ndege, kisha uwashe bluetooth peke yake na kuunganisha spika. Hakuna atakayekupigia, hakuna ujumbe utakaoingia. Kamati wakitaka uone video ya bibi harusi, waombe waifungue kwenye simu yao wakuletee uisikilize pembeni, wewe yako usiiguse.