Kinara cha Shaba: Kigeuze Kwanza, Kisha Uulize Bei

Wanaoniuliza kuhusu vinara vya shaba hunitumia picha ya juu: kikombe cha mshumaa, shina lenye mafundo, mng'aro. Jibu langu huwa lile lile: kigeuze, unipigie picha ya chini. Sehemu ya juu imesuguliwa na kupendezeshwa na kila aliyekimiliki kinara hicho. Chini ya kitako hakuna aliyejishughulisha, na huko ndiko umri wake unakoonekana.

Sisi wa Lamu tumekulia kwenye shaba. Nyumba yoyote ya mawe huku mtaa wa Mkomani iliyodumu vizazi viwili vitatu haikosi sinia, dele la kahawa, mrashi au chetezo kilichorithiwa. Ndiyo maana nawashauri wanaoanza kukusanya waende kwanza Makumbusho ya Lamu, pale mbele ya bahari, wakasimame mbele ya siwa ya shaba, lile baragumu la kale. Itazame taratibu. Ukishazoea rangi na uso wa shaba iliyomiminwa zamani, jicho lako halitadanganyika upesi dukani.

Vinara vyenyewe vina habari tofauti. Mwanga wa nyumba zetu ulikuwa wa taa za mafuta na kandili, kwa hiyo vinara vingi utakavyoviona madukani vimekuja na bahari. Vipo vya Kiingereza. Vingi zaidi ni vya Kihindi, na vingine vinatoka Moradabad, mji ambao bado unatengeneza vyombo vya shaba na kuviuza nchi nyingi. Sina ubaya na kinara cha India, ninavyo kadhaa na navipenda. Ubaya ni kuuziwa cha juzi kwa bei ya cha karne ya 19.

Ukienda kununua, tia sumaku ndogo mfukoni. Shaba ya manjano ni mchanganyiko wa shaba nyekundu na zinki, na sumaku haiishiki. Sumaku ikinata kinara kizima, hicho ni chuma kilichochovywa rangi ya shaba; kirudishe rafuni. Ikinata mahali pamoja tu, katikati ya kitako, usikikatae haraka, kwani huenda ni ufito wa chuma unaoshikilia shina. Kisha kipime uzito mkononi, halafu kigeuze.

Hapa chini usiwe na haraka. Tafuta duara za kerezo, ile mistari myembamba inayoachwa na chombo cha fundi. Zikiwa kali na safi mpaka ukingoni, kinara hakijasugua meza nyingi. Cha kale huwa na ukingo laini uliolika pale kinapokalia, na ndani yake weusi mkavu wa kahawia usiotoka. Pitisha kitambaa chenye maji: weusi ukitoka wote mara moja, huenda umepakwa. Sasa pandisha ukucha kwenye shina. Vinara vingi vya Kiingereza vya karne ya 18 shina lake lilimiminwa nusu mbili kisha zikaunganishwa, na mshono unaweza kuuhisi pande zote mbili hata kama macho hayauoni. Kuelekea mwisho wa karne hiyo mafundi wakaweza kumimina shina lenye uwazi ndani kwa kipande kimoja. Vya enzi ya Malkia Victoria mara nyingi vina tundu chini na kijiti cha kusukuma kipande cha mshumaa kilichobaki. Alama nazo husaidia. Alama yenye umbo la almasi ya kusajili michoro ya Kiingereza ni ya kati ya 1842 na 1883. Herufi "Rd" (kifupi cha "Registered", yaani imesajiliwa) na namba zilianza 1884. Neno "England" likiwa limepigwa kwenye shaba, mara nyingi kitu hicho ni cha 1891 au baadaye, kwa sababu sheria ya Marekani ya wakati huo ilitaka bidhaa zinazoingia kule zionyeshe nchi zilikotoka.

Muuzaji mzuri hakasiriki ukikagua. Kuna mzee mmoja mwenye duka dogo mtaa wa Langoni ambaye ukimwomba kutazama chini huwasha tochi mwenyewe.

"Kishike, mwanangu," aliniambia siku moja, "lakini hicho shingo yake imelehemiwa."

Nikakisogeza mwangani. Chini tu ya kikombe palikuwa na mstari wa kijivu, mwembamba, umezunguka shingo yote. Lehemu ya risasi imetiwa kwa mkono uliotulia, bila tone hata moja kumwagikia mafundo ya chini yake.

"Ami, kazi hii ya zamani?"

"Zamani sana. Mimi nimekinunua hivyo hivyo."

Tukapatana bei ya chini kidogo, nikakichukua. Kwa mtu anayetaka kinara cha nyumbani, lehemu ya zamani iliyofanywa vizuri si kasoro ya kukukimbiza. Kwa anayenunua jozi ya kuja kuuza, hiyo ni habari nyingine. Na jozi ndiyo penye mitego: vinara viwili vinavyofanana kwa mbali huuzwa kama ndugu. Pima urefu kwa uzi, linganisha duara za kerezo chini, linganisha uzito. Mapacha wa kweli hupishana kidogo sana.

Tuje kwenye usafi, maana huku kwetu bahari haikuachi. Hewa ya chumvi huifanya shaba iwe nyeusi, na ukiizembea hutoka vidoa vya kijani vinavyokula ndani. Dawa ya nyumbani ni ukwaju. Loweka, kamua uwe mzito, paka kwa vidole, subiri kidogo tu, kisha osha kwa sabuni na maji yasiyo ya chumvi na ukaushe mpaka ndani ya kikombe. Ndimu pia inafaa, ila usikilaze kinara ndani yake usiku kucha: asidi inakula zinki na kukuachia mabaka ya wekundu wekundu ambayo hayaondoki kwa kusugua. Msasa na mchanga usiviguse kabisa. Baada ya kukauka, paka nta ya fanicha kiasi kidogo sana na ufute kwa kitambaa. Itazuia chumvi kwa muda. Nta ya mshumaa iliyoganda ondoa kwa maji ya moto, si kwa kisu. Na kama kinara ni cha kale kweli, mimi nasafisha pale panaposhikwa tu. Weusi ulioko kwenye mikunjo ya shina nauacha, kwa sababu ndio unaoonyesha umbo lake, na ukiuondoa hakuna wa kuurudisha.

Kuhusu kupamba, nyumba zetu zimekwisha kufanya nusu ya kazi. Ukuta mweupe wa chokaa ndio mahali bora pa shaba kuliko rangi yoyote ya dukani. Vinara vya urefu tofauti juu ya sinia moja, karibu na kioo, vinatosha chumba kizima. Kwenye zidaka, vile vishubaka vya ukutani, weka kimoja kimoja, na uache vidaka vingine vitupu. Lakini usiwashe mshumaa ndani ya kidaka! Moshi hupanda moja kwa moja kwenye nakshi ya chokaa, na masizi yakishaingia humo fundi wa kuyatoa bila kuharibu ni adimu. Chini ya makuti pia usiwashe, hata kama upepo umetulia. Kaskazi ikivuma, mishumaa ya kawaida hulegea na kuinama kwa joto la mchana hata kabla ya kuwashwa; itoe kwenye vinara asubuhi, uirudishe jioni. Ya nta ya nyuki huhimili joto vizuri zaidi.

Naomba pia mwache kutoboa vinara vya kale ili kupitisha waya wa stima. Balbu inaweza kuwekwa kwenye kinara kipya, kipo tele.

Na wenye ndugu ng'ambo wanaotaka kupelekewa zawadi, jueni sheria ya Kenya ya makumbusho na urithi ya mwaka 2006. Kitu kilichotengenezwa au kuingizwa nchini kabla ya 1895 kinahesabiwa kuwa cha kale, na hakitoki nchini bila kibali. Kama kinara chako kina dalili za umri huo, kipeleke makumbusho kikatazamwe kabla hujakifunga kwenye sanduku, na risiti ya dukani uwe nayo mkononi.