Kumtafuta babu aliyezama Eyemouth, anza na wanawake

Mume wangu ni Mskochi, kwao upande wa mama ni Eyemouth, mji mdogo wa wavuvi. Mama mkwe alikuwa na habari moja tu, kwamba babu yao mmoja alibaki baharini "ile Ijumaa". Basi. Wanangu wakaanza kuuliza na mimi ndo nikaingia kazini.

Ijumaa yenyewe ni 14 Oktoba 1881. Siku kadhaa nyuma mashua hazikutoka kwa hali mbaya ya hewa, nyumbani hela hakuna, asubuhi ile bahari ikawa shwari, kipimahewa cha bandarini kimeshuka vibaya, dalili ya dhoruba, lakini watu wakatoka tu, mchana dhoruba ikawapiga. Wavuvi 189 walikufa pwani ile, 129 wa Eyemouth peke yake, na wengine walivunjikiwa mashua kwenye miamba ya Hurkar pale pale mlangoni mwa bandari huku wake zao wanawaona. Mpaka leo nikiandika hii moyo unauma.

Sasa mimi nikakimbilia orodha ya waliokufa, nikaona jina la babu, nikafurahi. Miezi miwili nafuata mtu siye! Wavuvi wa kule majina yalikuwa yale yale, babu, mjomba na binamu wote wanaitwa sawa, wenyewe walitofautishana kwa majina ya utani kama sisi tu huku pwani. Kwahiyo muulize mzee wenu jina la utani na jina la mashua, maana mashua moja ilibeba ndugu, baba na wanawe, ukiipata umepata nusu ya ukoo.

Halafu fuata wanawake. Wao ndo walikuwa wanamenya kome na kutia chambo kwenye mishipi, na wao ndo waliobaki. Vyeti vya Uskoti vimeanza 1855 na ni vizuri mno, cha kuzaliwa kina jina la ukoo la mama kabla ya kuolewa pamoja na tarehe na mahali wazazi walipooana (isipokuwa vya 1856 hadi 1860), ukienda kwenye cheti hicho cha ndoa unakuta wazazi wa pande zote mbili. Yaani kila karatasi inakuvuta kwenye nyingine. Kuvipata, tumia tovuti ya ScotlandsPeople, unalipia kidogo kidogo.

Kuna sensa ya Aprili 1881, miezi sita kabla ya maafa, na ya 1891. Ziweke pamoja, nyumba moja moja, uone baba yupo huku na kule hayupo. Mimi ya 1881 ilinichanganya kwasababu bibi yake mama mkwe hayumo kabisa. Kwenye ya 1891 nikamkuta, miaka 9, anaishi na mama yake mjane. Nikaagiza cheti chake, kazaliwa Februari 1882, na penye jina la baba pameandikwa mvuvi, marehemu. Mama mkwe alikisoma mara tatu, kisha akaniomba nimwachie.