Ua la vanila halingoji mchana

Wanaotaka kupanda vanila nyuma ya nyumba huniuliza kwanza habari ya mbolea. Mimi huwauliza: asubuhi unakuwa wapi? Ua la vanila huchanua alfajiri, na alasiri limeshanyauka. Usipolichavusha kwa mkono kabla ya saa sita, limekwenda. Kwao Meksiko wapo nyuki wanaoifanya kazi hiyo. Huku kwetu Mukono, Uganda, nyuki ni wewe.

Njia tunayotumia aliigundua Edmond Albius, mtoto mtumwa wa miaka 12, kisiwani Réunion mwaka 1841. Shika ua kwa nyuma kwa mkono wa kushoto, kisha pasua ule mdomo wake uliojikunja. Mimi hutumia kijiti cha meno; mama jirani yangu hupendelea mwiba wa mchungwa. Ndani utaona kinguzo: juu kuna chavua ya manjano, chini pananata, na katikati kimelala kijiutando. Kinyanyue kwa ncha ya kijiti, halafu kwa kidole gumba isukume chavua iguse panaponata. Basi. Ua lililoshika hunyauka likiwa limeng'ang'ania kikonyo chake. Lisiloshika huanguka baada ya siku moja au mbili.

Kishada kimoja chaweza kutoa maua 15 hadi 20, lakini kwa siku huchanua moja au mawili tu, kwa hiyo utakuwa bustanini wiki kadhaa. Usiyachavushe yote. Manane hadi kumi yanatosha. Ukizidisha, matunda yanakuwa membamba na mmea unachoka mno.

Upandaji wenyewe hausumbui. Chukua rando la mita moja hivi, liache kivulini wiki moja au mbili jeraha likauke, maana likipandwa bichi huoza upesi. Fukia pingili chache juu juu tu, tandaza majani ya migomba, na maji yasituame. Jembe lisifike hapo, magugu yang'oe kwa mkono. Mti wa kuegemea uwe umetangulia kushika. Wengi huku tunatumia kiroowa, yaani mbono kaburi, tukipunguza matawi ili jua lipite kama nusu. Rando likizidi kimo chako lirudishe chini. Lililoachwa lipande mtini litakavyo hutoa maua machache, tena usiyoyafikia.

Maua ya kwanza yatarajie mwaka wa tatu hivi. Uganda tumejaliwa vipindi viwili vya ukame vinavyoamsha maua, kwa hiyo tunavuna mara mbili: Juni na Julai, kisha Desemba na Januari. Lakini tunda hudanganya: ndani ya miezi miwili lina urefu wake wote, na kukomaa huchukua karibu miezi tisa. Kwa kuogopa wezi watu walikuwa wakivuna machanga, yasiyo na harufu, hadi serikali ikaanza kutangaza tarehe za kuvuna. Hata kama yako ni ya chai ya nyumbani, ngoja ncha ya chini iwe ya manjano.

Ukishachuma, yachovye kwenye maji ya nyuzi 63 hadi 65 kwa dakika 3, yafunge ndani ya blanketi yangali moto, kisha kila siku yaanike juani kidogo na kuyafunga tena. Endelea hivyo mpaka yawe kahawia iliyokolea na uweze kuyazungushia kidoleni bila kuvunjika. Kilo 5 au 6 mbichi zitakupa kilo moja.