Kabla ya kulaumu programu, angalia umeme wa servo

Mkono wangu wa kwanza wa roboti ulikuwa na servomota tatu za SG90 (servo ni mota ndogo inayogeuka hadi pembe unayoiamuru), zote nimezichomeka kwenye pini ya volti 5 ya Arduino Uno, ubao mdogo wa kielektroniki unaoziamuru. Moja ikizunguka peke yake, kazi safi. Nikiziamuru zote pamoja zinatetemeka, kisha ubao unazimika na kuwaka upya. Siku mbili nzima nikaandika programu upya, mstari kwa mstari, na programu yenyewe haikuwa na kosa.

Umeme ndio uliopungua. Servo hiyo ndogo ikibanwa huweza kuvuta zaidi ya nusu ampea. Tatu zikivuta kwa mpigo, volti hushuka na ubao huanza upya. Kwa hiyo zipe servo chanzo chake: betri nne za AA za kuchaji zikiunganishwa mfululizo hutoa volti 4.8, zinatosha. Ile betri ya mraba ya volti 9 iache kabisa. Volti zake zimezidi na haimudu kutoa umeme mwingi. Halafu usisahau hili, maana wengi hukwama hapa: waya hasi wa betri lazima ufike pia kwenye GND (pini ya hasi) ya ubao, la sivyo servo haielewi amri inayoletewa.

Kabla ya kufunga kile kijimkono cha plastiki kinachokaa kwenye mhimili wa servo, iamuru servo iende digrii 90 kwanza, ndipo ukifunge. Ukifunga kwa kukisia, itagonga fremu na kuendelea kusukuma, kwa sababu ndani mna potenshiomita (kifaa cha kupima pembe) inayoiambia kuwa haijafika ilikotumwa. Itanguruma, itapata moto, na gia za plastiki zitakatika meno. Usiizungushe kwa vidole pia. Ikinguruma kwenye digrii 0 au 180, mimi huiamuru isitoke nje ya digrii 10 hadi 170.

Urefu wa mkono nao una hesabu yake. SG90 imeandikiwa kuinua takriban kilo 1.8 kwa sentimita moja kutoka kwenye mhimili; ukienda sentimita 10, unabaki na gramu 180 tu, uzito wa mkono wenyewe ukiwemo. Nami kwenye mradi huo nilikata mkono ukabaki nusu, na servo ileile iliyokuwa ikishindwa ikaanza kuinua kikombe cha karatasi bila kutetemeka.